KIPORO: AKIBA AU SUMU?

Baada ya sala ya Isha, katika nyumba nyingi za Bondeni, kisiwani Mombasa, chakula cha usiku huwa kimekwisha kuliwa. Sinia imeondolewa, watoto wamenawa mikono, na jikoni imebaki sufuria yenye wali wa kutosha watu wawili. Mama wa nyumba amechoka. Huifunika sufuria, akaiacha papo hapo juu ya jiko lililopoa, akaenda kulala. Asubuhi hufunua na kunusa. Wali ukiwa haujachacha, hutiwa moto na watoto wakapewa pamoja na chai; ukiwa umechacha, hutupwa jaani. Chakula hiki kilicholala ndicho kiitwacho kiporo, na wazee wengine hukiita mwiku.

Mambo hayo mawili, yaani kula kwa kubahatisha na kutupa kwa majuto, yote yana hasara. La kwanza laweza kumdhuru mtoto. La pili huupoteza mfuko wa baba na kazi ya mama. Wahenga walisema akiba haiozi, na usemi huo ni wa kweli kwa fedha na kwa nafaka kavu iliyowekwa vizuri. Lakini chakula kilichokwisha pikwa si akiba ya namna hiyo. Huoza, tena upesi, na pengine huwa na sumu kabla hakijatoa harufu. Kwa hiyo anayetaka kufaidi kiporo hana budi kukifanyia uamuzi usiku uleule, wala asingoje asubuhi.

UKUBWA WA HASARA

Watu wengi hudhani ya kuwa kutupa chakula ni tabia ya mataifa tajiri tu. Sivyo. Katika taarifa yake ya mwaka 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilikadiria ya kuwa nyumba za Kenya hutupa kilo 99 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka. Hesabu hiyo huingiza pia maganda, mifupa na sehemu nyingine zisizoliwa. Hata hivyo ni zaidi ya robo kilo kwa kila mtu kila siku. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2024 ilieleza ya kuwa mwaka 2022 ulimwengu mzima ulitupa tani milioni elfu moja na hamsini, na katika kila tani 10 zilizotupwa, tani 6 zilitoka majumbani. Basi si mahoteli wala masoko yanayotupa zaidi, bali ni majiko ya watu.

Hasara hiyo haionekani kwa sababu huja kidogo kidogo. Na iwe mfano nyumba inayotupa konzi moja ya wali kila siku, kiasi kilichotokana na gramu 50 za mchele mkavu. Hakuna atakayeumwa moyo kwa konzi moja. Lakini kwa siku 365 hiyo ni kilo 18 na robo za mchele. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga vilevile.

Tena mchele huo hununuliwa kwa fedha nyingi. Mashamba ya Mwea na mengineyo hayatoshi kuilisha Kenya, na sehemu kubwa ya mchele unaoliwa nchini hutoka nje, hasa Pakistani, ukapita bandari ya Mombasa. Watu wa pwani wamekwisha kuonja ladha ya kutegemea mchele wa ng'ambo. Zamani mchele wa Burma ulikuwa ukiletwa kwa wingi katika miji ya pwani hii. Mwezi wa Machi mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliuteka mji wa Rangoon, na mchele huo ukakatika. Mwaka uliofuata mvua zilikosekana katika sehemu nyingi za Kenya, na mijini chakula kikagawiwa kwa kipimo. Wali ulikuwa kitu cha kutafutwa, na wengi walioupenda walilazimika kuridhika na muhogo na mahindi. Aliyepata wali siku hizo hakuhitaji kufundishwa thamani ya ukoko.

KWA NINI WALI ULIOLALA WAWEZA KUDHURU

Jambo hili halifahamiki na wengi, nalo ndilo msingi wa somo lote. Mchele mkavu huweza kuwa na mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambacho hukaa katika udongo na vumbi. Mbegu hizo ni ngumu mno. Maji yanayochemka huua vijidudu vingine, lakini mbegu hizi huweza kusalimika. Wali ukiwa moto sana, au ukiwa baridi sana, mbegu hulala. Lakini wali ukikaa katika joto la vuguvugu huamka, zikawa vijidudu hai, navyo vikazaana na kutoa sumu.

Sasa na atazame mtu hali ya Mombasa. Wakati wa kaskazi joto la mchana hupita nyuzi 30, na hata miezi ya kusi usiku huwa nyuzi 20 hivi. Sufuria iliyojaa wali na kufunikwa kwa mfuniko mzito hushika joto kwa saa nyingi. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuzaana vijidudu hivyo.

Wengi husema, "Nitautia moto vizuri asubuhi, na madhara yote yatakwisha." Hapo ndipo wanapokosea. Moto huua vijidudu, lakini sumu ya kutapisha iliyokwisha tolewa na vijidudu hivyo haiharibiki kwa moto wa jikoni. Mlaji huweza kutapika baada ya saa 1 hadi 6, na wali wenyewe ulikuwa moto, wenye ladha nzuri, tena bila harufu yoyote. Mambo haya yalidhihirika sana katika Uingereza miaka ya 1970, watu walipougua baada ya kula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina. Ilionekana ya kuwa wali ulichemshwa kwa wingi, ukaachwa nje usiku kucha, kisha ukakaangwa upesi mteja alipofika. Kosa halikuwa katika kukaanga, bali katika kule kuuacha ulale nje.

Samaki naye ana hila yake. Jodari, nguru na vibua wakikaa katika joto, nyama yao huweza kufanya sumu inayowasha ngozi, kuumiza kichwa na kuwekundisha uso. Sumu hiyo nayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa. Kwa hiyo pua si mwamuzi wa kutosha, wala moto si dawa ya kila kitu. Mwamuzi wa kweli ni saa.

KAZI YA USIKU ULEULE

Shirika la Afya Ulimwenguni hufundisha ya kuwa chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwa wali yafaa kufanya haraka zaidi, yaani upozwe na kuhifadhiwa ndani ya saa 1. Kazi yenyewe si ngumu.

Kwanza, chakula kitengwe kabla ya watu kula. Katika desturi ya pwani watu wengi hula sinia moja, na hiyo ni desturi njema inayounganisha jamaa. Lakini kilichobaki siniani kimeguswa kwa mikono ya wote, hakifai kuwekwa. Kilichobaki sufuriani bila kuguswa ndicho kiporo cha kweli. Basi kipakuliwe kidogo siniani, na atakayetaka zaidi aongezewe. Kwa njia hiyo makombo ya siniani hupungua, na yaliyobaki sufuriani hubaki safi.

Pili, wali usipoe ndani ya sufuria. Utandazwe katika sahani pana iliyo safi, ufunikwe kwa kawa ili mvuke utoke na inzi wasiingie. Mchuzi nao umiminwe katika vyombo viwili au vitatu vidogo, au sufuria yake iketishwe katika beseni la maji baridi. Chombo kidogo hupoa upesi kuliko kikubwa.

Tatu, mwenye friji akitie humo kilichopoa, mahali penye baridi isiyozidi nyuzi 5. Wali uliwe siku ya pili yake, usipite hapo. Ukitiwa moto, utiwe mara moja tu, mpaka utoe mvuke kote, hata katikati.

Nne, asiye na friji asijidanganye. Zipo nyumba nyingi za kisiwani ambamo kila chumba kina jamaa yake, na friji haipo, au ipo lakini umeme hukatika mara kwa mara. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna njia ya kulaza wali kwa salama. Hata hivyo ipo njia ya zamani iliyo bora kuliko friji, nayo ni jirani. Sahani ya wali ulio moto bado, ikipelekwa mlango wa pili saa ileile, si kiporo bali ni zawadi. Ikingoja mpaka asubuhi, hugeuka mzigo ambao hata mbwa huweza kuukataa.

Dawa iliyo bora kupita zote ni kipimo. Wapishi wengi hupima mchele kwa macho, na macho ya mwenye njaa hupima kwa ukarimu. Na achague mama kikombe kimoja, akitumie kila siku kwa muda wa juma moja, na kila usiku aangalie kiasi kilichobaki. Ikiwa mara nne au tano katika juma kimebaki chakula cha mtu mmoja, basi apunguze kipimo kwa chakula cha mtu mmoja. Juma moja la kuangalia hivyo hufundisha zaidi ya maonyo mengi.

KILA KILICHOBAKI NA KAZI YAKE

Chakula kilichohifadhiwa vizuri hakina haja ya kurudi mezani na sura ileile hata watu wakakikinai. Hodari wa jikoni hukibadilisha.

Wali mweupe. Wali uliolala katika friji hushikamana kidogo na kukauka, na kwa sababu hiyo hufaa sana kukaangwa na vitunguu, nyanya, karoti na yai. Wapo pia wapishi wanaosaga konzi ya wali pamoja na mchele uliorowekwa, ili vibibi viwe laini. Wali wa nazi huchacha upesi zaidi ya mweupe. Kwa hiyo mwenye shaka ya kubakiza apike mweupe, na tui alitie katika mchuzi utakaokwisha.

Sima. Sima iliyolala katika friji hukatwa vipande vyembamba, ikakaangwa kwa mafuta kidogo mpaka igeuke rangi ya dhahabu. Watoto huipenda kwa chai kuliko ilivyokuwa usiku.

Mkate na chapati. Boflo iliyokauka haijaharibika. Hukatwa, ikachovywa katika yai lililopigwa na maziwa, kisha ikakaangwa. Au hukaushwa kabisa na kusagwa iwe chenga za kuvingirishia katlesi. Chapati za jana hukatwa nyuzinyuzi, zikatiwa katika mchuzi wenye pilipili mboga, zikawa chakula kipya. Mahamri yaliyokauka hurudia ulaini yakitiwa juu ya mvuke. Lakini mkate wenye ukungu usikwanguliwe ukaliwa, kwa kuwa ukungu huingia ndani kuliko uonekanavyo. Ukungu una aina nyingi, na baadhi yake una sumu isiyoisha kwa kupikwa. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 317 waliugua kwa sumu ya mahindi yaliyoota ukungu, na 125 kati yao walikufa. Kitu chenye ukungu kisipewe hata kuku.

Samaki. Anayenunua samaki mzima amelipia kichwa pia. Kichwa cha changu au kolekole, kikiondolewa mashavu ya kupumulia na kuoshwa vizuri, hutoa mchuzi mtamu kwa ndimu, bizari na nyanya. Samaki aliyepikwa akabaki, akawekwa katika baridi mapema, hutolewa miiba, akapondwa pamoja na viazi vilivyochemshwa, kitunguu na dania, akawa katlesi. Vipande viwili vidogo ambavyo visingewatosha watu wawili huwa katlesi za kuwatosha wanne.

Nazi. Nyumba nyingi hukamua tui zito, kisha la pili, na chicha likatupwa. Tui la pili na la tatu lafaa kuchemshia maharagwe, mbaazi au muhogo, na tui zito likatiwa mwishoni. Chicha likikaangwa bila mafuta, likatwangwa na pilipili, chumvi na ndimu, huwa chatne. Linalozidi ni chakula cha kuku likiwa bichi bado, na kifuu ni kuni.

Matunda. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likapiga weusi haikuharibika. Ndiyo wakati wake wa kupikwa kwa tui, sukari kidogo na iliki. Maembe mabichi yaliyoanguka na ndimu zilizonunuliwa kwa wingi Marikiti siku ya bei nafuu hutiwa chumvi, yakaanikwa juani, yakawa achari. Hapa ndipo usemi wa wahenga unaporudi kuwa kweli, kwa maana chumvi, jua na ukali wa ndimu huwazuia vijidudu, na achari iliyotengenezwa vizuri ni akiba isiyooza kwa miezi.

Maganda. Ya viazi, ndizi na mboga yasichanganywe na karatasi za nailoni. Yakitengwa, mwenye mbuzi atayafurahia, au yatakuwa mbolea katika debe la mchicha uani. Yakichanganywa huwa taka tu, ambayo gari lazima liichukue kuivusha nje ya kisiwa, na mahali pa kutupia taka hayakosi kujaa.

MWEZI WA RAMADHANI

Hakuna wakati ambapo somo hili lahitajika zaidi kuliko mwezi wa kufunga. Aliyeshinda na njaa hupika kwa njaa yake. Jioni huandaliwa mbaazi za nazi, mahamri, viazi vya karai, kaimati, tambi na mkate wa sinia. Na baada ya tende tatu na uji, tumbo huona limekwisha shiba. Vinavyobaki hufunikwa vingoje daku.

Lakini tangu magharibi mpaka daku ni saa 9 hivi. Mbaazi za nazi zilizokaa nje muda huo wote zimekwisha kuwa hatari, na mtu anayezila alfajiri anajitayarishia kutapika mchana wa saumu. Vitu vikavu kama mahamri na tende huweza kungoja. Vyenye tui, nyama, samaki na wali haviwezi. Basi vya tui vipikwe kwa kiasi cha futari, na kinachozidi kipelekwe kwa jirani kikiwa moto, kama ilivyo desturi ya mwezi huo. Dini imekataza israfu, nayo imekataza pia mtu kujidhuru. Anayekula kilichoharibika ili asitupe amekimbia kosa moja akaingia katika la pili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Pika kwa kipimo kimoja kila siku, ukipunguze kwa kuangalia kinachobaki.

2. Pakua kidogo kidogo. Cha siniani hakiwekwi. Cha sufuriani huwekwa.

3. Poza wali katika chombo kipana, uuhifadhi ndani ya saa 1. Vyakula vingine visipite saa 2.

4. Tia moto mara moja tu, mpaka mvuke utoke kote.

5. Usipokuwa na friji, toa chakula kwa jirani usiku uleule.

6. Kilicholala nje, chenye tui, wali, nyama au samaki, usikile hata kama hakinuki. Kitupe bila majuto, na kesho upunguze kipimo.

Huenda mtu akaona ya kuwa agizo la mwisho lapingana na yote yaliyotangulia. Halipingani. Chakula hakiokolewi asubuhi kwa kunuswa. Huokolewa jioni kwa kupimwa, kupozwa na kugawanywa. Mama aliyechoka hatapoteza zaidi ya dakika 10 kabla ya kulala, na kwa dakika hizo 10 mwisho wa mwaka atakuwa amebakiza kilo nyingi za mchele, na watoto wake hawatashikwa na tumbo kwa sababu ya kiporo.